Helvi Tervonen Hakupenda Kusimama

Tunayemsindikiza leo, Helvi Orvokki Tervonen, alizaliwa Jumamosi tarehe 3 Novemba 1956 hapa Lieksa, wiki tatu kabla ya siku aliyotarajiwa. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho wa Kalle Kärnä, aliyefanya kazi ya kusafirisha magogo kwa maji, na mkewe Aune, mzaliwa wa Suistamo huko Karelia, ambaye vita vilimhamisha kwao mara mbili, na mara ya pili hakurudi tena. Mkunga alipomweka kwenye mizani, mtoto alipiga mateke mpaka mshale ukakataa kutulia. Ikabidi uzito ukadiriwe.

"Huyu ana haraka ya kwenda wapi?" mkunga aliuliza.

"Sijui," Aune alijibu. "Ila kwetu hakuna aliyewahi kukaa mahali pamoja."

Jibu hilo Aune alilirudia maisha yake yote, kila alipoulizwa habari za bintiye, na aliulizwa mara nyingi. Helvi alianza kutembea kabla ya kutambaa vizuri. Kanisani mama yake alimfunga kwa ncha ya shali kwenye mguu wa benchi. Jumapili moja mchungaji akiwa katikati ya mahubiri alimwona mtoto wa miaka mitatu amesimama mbele yake, shali inamfuata nyuma kama mkia, anamtazama kama anayengoja amalize. Kaka yake Eino, aliyemzidi miaka minne, ndiye aliyetumwa kumrudisha, na tangu siku hiyo kazi ya Eino ikawa moja: kutumwa kumrudisha Helvi.

Alianza shule ya msingi mwaka 1963. Kichwa alikuwa nacho chepesi, tatizo lilikuwa kiti. Mwalimu wake wa kwanza alijaribu kumkalisha mbele, akajaribu kumkalisha nyuma, mwishowe akamuuliza mbele ya darasa zima, "Helvi, hivi umekalia nini?"

"Sijakalia kitu, mwalimu," alisema. "Ndiyo shida yenyewe."

Basi akapewa kazi ya kuleta kuni za jiko la darasani, na jiko hilo halikuwahi kupungukiwa kuni tena. Alimaliza shule ya kati majira ya kuchipua ya mwaka 1973. Alama zake zilikuwa nzuri kuliko familia ilivyotarajia, ila ya tabia ilikuwa mbaya kidogo kuliko walivyotarajia.

Barafu aliipata kwa viatu vya Eino. Vilikuwa viatu vyenye visu vya kutelezea barafuni, vya mpira wa magongo, vikubwa, na ndani yake Helvi alivaa soksi za sufu tatu tatu. Uwanja wa shule wakati huo ulimwagiwa maji na wazima moto ili yagande, mara baridi iliposhika, na wavulana waliuchukua wote kwa mpira wao. Kona moja tu waliiachia wasichana, na hiyo waliiacha kwa kumwogopa mtu mmoja: Bi. Gunvor Sahlstén, mjane wa mhandisi wa kiwanda cha karatasi ngumu cha Pankakoski. Bi. Sahlstén alitokea Turku, alizungumza Kifini kwa lafudhi ya Kiswidi, na ujanani mwake alikuwa ameshindana kuteleza kwa madoido mpaka nje ya nchi. Lieksa alikuja kwa ajili ya mume. Mume alipofariki watu walidhani atarudi kwao. Badala yake akaanza kufundisha watoto wa wabeba magogo kuzunguka kwa mguu mmoja.

Januari 1965 alimwona mtoto wa miaka minane akikatiza katikati ya mchezo wa wavulana, akaruka, akazunguka hewani, akatua kwa makalio, akainuka na kuruka tena kabla hajajifuta theluji. Akamwita.

"Nani amekufundisha kuruka?"

"Hakuna mtu."

"Inaonekana. Njoo kesho saa tisa."

Helvi alifika saa saba. Bi. Sahlstén alipokuja akamkuta ameshachoka kuruka, na huenda ilikuwa mara ya pekee mwalimu huyo kumpata mwanafunzi wake akiwa amechoka.

Vijana waliopo hapa huenda hawajui mchezo huo ulivyokuwa zamani zile. Mashindano yalikuwa na sehemu mbili. Ya pili ndiyo hii wanayoiona kwenye televisheni: muziki, gauni, miruko. Ya kwanza iliitwa michoro. Mtelezaji alipewa kipande cha barafu safi, akachora namba nane kwa mguu mmoja, polepole, kisha akairudia juu ya mstari ule ule, kisha akairudia tena, bila muziki, ukumbi kimya. Akishatoka, waamuzi waliingia na viatu vyao vya kawaida, wakainama kutazama kama mistari imepandana. Michoro ilibeba nusu ya alama. Kwa Helvi ilikuwa ni kuambiwa akae kwenye benchi la kanisa, ila mara hii akiwa amesimama.

"Nikienda pole hivi nitaganda, mwalimu."

"Ganda basi. Ila ugande kwenye mstari."

Mashindano yake ya kwanza ya mkoa yalifanyika Joensuu, Machi 1969, akiwa na miaka kumi na miwili. Kwenye michoro alishika mkia. Mchana, ulipofika mchezo wa muziki, aliwapita wote, mpaka mwanamke mmoja jukwaani akauliza kwa sauti yule mtoto ni wa nani. Jumla ikamweka wa saba. Akiwa anafungua kamba za viatu alikuwa amevimba kwa hasira.

"Nimeruka kuliko wote," alisema.

"Umeruka," Bi. Sahlstén alisema. "Waamuzi nao waliinama kwenye mchoro wako wakadhani panya wamepita. Mashindano haya yana nusu mbili, Helvi. Wewe umekuja na moja."

Miaka minne iliyofuata ilikuwa ya mbio. Barafu ya Lieksa ilianza Desemba na Machi ilikuwa inalia chini ya miguu, kwa hiyo miezi mingine yote Helvi aliitafutia barafu mbadala. Aliruka sebuleni. Aliruka kwenye gati la ziwa, akijirusha na kuzunguka hewani kabla ya kuangukia majini, mpaka wavuvi wakalalamika kwa baba yake. Kalle aliwaambia samaki wa ziwa Pielinen wamezoea mambo mabaya zaidi. Aune akimenya viazi jikoni hakuhitaji kugeuka. "Helvi, shuka kwenye meza," alisema, na mara nyingi Helvi alikuwa kweli juu ya meza.

Mwaka 1972 alishika nafasi ya tatu kwenye mashindano ya vijana huko Tampere, akitokea nafasi ya kumi na moja baada ya michoro. Kiangazi cha 1973 Bi. Sahlstén alimpeleka wiki mbili kwenye barafu ya mashine kusini, na huko alianza kutua mruko wa mizunguko miwili na nusu. Wakati huo wasichana wachache sana nchini waliweza kuujaribu, na waliojaribu walikuwa na barafu mwaka mzima. Habari zikafika Helsinki kabla yake. Alipoitwa kushindana huko Februari 1974, aliyekuwa akichaguliwa alikuwa ni msichana wa kupelekwa Stockholm kuiwakilisha nchi mashindanoni. Aune alimshonea gauni la buluu, na akamwambia maneno ambayo Helvi aliyakumbuka baadaye kwa kicheko na kwa machozi: "Huko nenda, lakini nenda kwa utaratibu."

Treni iliondoka asubuhi ya tarehe 7 Februari. Bi. Sahlstén alikaa dirishani akifuma soksi. Helvi alikaa dakika chache, kisha akaanza kutembea kwenye ujia wa behewa, mbele na nyuma, mpaka kondakta akamzuia.

"Binti, umelipia kiti au umelipia kutembea?"

"Nimelipia kufika," alisema, akampita.

Kwenye stesheni ya Pieksämäki, katikati ya njia, wakakuta theluji imechelewesha treni ya upande mwingine, na treni yao ikaambiwa ingoje. Bi. Sahlstén aliweka ufumaji wake chini ili akatafute kahawa na kitu cha kula kwenye mkahawa wa stesheni. Mlangoni aligeuka.

"Kaa," alisema. "Tafadhali, Helvi. Leo tu."

Helvi alikaa. Aliwahi kumwambia binti yake Outi kwamba katika maisha yake hakuna kazi aliyoifanya kwa bidii kama kukaa siku ile. Alitazama viatu vyake vya kuteleza kwenye begi. Alitazama jukwaa la stesheni, lilivyofagiliwa na kunyunyiziwa majivu. Miguu ikaanza kuuma kama inayoitwa. Akajiambia anashuka kuvuta hewa tu.

Aliruka mara moja, mruko mdogo, katika buti zake za sufu. Mzee mmoja aliyekuwa akivuta kiko alitabasamu. Akaruka mara ya pili, mizunguko miwili, akatua vizuri, na mzee akatoa kiko mdomoni. Ya tatu ilikuwa ile kubwa. Chini ya majivu kulikuwa na barafu. Mguu wa kulia ulitua na kuteleza, kifundo kikapinda kuelekea mahali ambapo hakikuumbwa kupinda, na sauti yake ilimfikia mzee yule pale alipokuwa.

Bi. Sahlstén alitoka mkahawani na vikombe viwili. Aliviweka juu ya theluji, taratibu, vyote viwili, kisha akapiga magoti.

"Nilitaka kunyoosha miguu," Helvi alisema.

"Najua."

"Usiniambie unajua. Nigombeze."

"Nitakugombeza siku nyingine," alisema Bi. Sahlstén. "Leo nishike mkono."

Treni yao ikaondoka bila wao, imebeba gauni la buluu na viatu. Begi hilo lilifika Helsinki salama na likarudishwa Lieksa wiki iliyofuata, na Aune alilipokea mlangoni akaliingiza chumbani kimya kimya, kama anayeficha mgeni.

Mfupa uliungwa kwa chuma, na mguu ukafungwa hogo la plasta mpaka Mei. Nyumba ile ilikuwa haijawahi kuona majira kama hayo. Helvi alizunguka chumba kwa chumba kwa magongo, alivunja gongo moja, akakarabatiwa jingine, aligombana na paka, aligombana na redio. Msichana aliyekwenda Stockholm alionyeshwa kwenye televisheni ya jirani, na Helvi alikataa kwenda kutazama, kisha akaenda, akasimama mlangoni muda wote. Eino, ambaye wakati huo alikuwa amehamia Göteborg kufanya kazi kwenye kiwanda cha magari kama vijana wengi wa huku, alirudi kwa Pasaka. Alimtazama dada yake kutoka kichwani mpaka kwenye hogo.

"Wenzio wamefika Stockholm," alisema. "Wewe Pieksämäki ndiyo ikakushinda?"

Helvi alimtupia gongo. Kisha akacheka, na Aune akiwa jikoni alikaa chini akafunika uso kwa aproni, maana kicheko hicho kilikuwa hakijasikika tangu Februari.

Majira ya vuli daktari alimweleza wazi. Atatembea. Kuteleza pia ataweza. Lakini kuruka ndiyo basi: mfupa ukivunjika pale pale tena, hauungiki. Desemba uwanja ulimwagiwa maji kama kawaida. Helvi hakwenda. Krismasi ikapita. Alikuwa na miaka kumi na minane na alikuwa akisaidia kupanga mikate kwenye duka la mkate, na mwenye duka alisema hajapata kuona mtu anayepanga mikate kama anayekimbizwa.

Januari 1975 Bi. Sahlstén alikuja nyumbani kwa Kärnä. Hakuwa na desturi ya kwenda nyumbani kwa mtu. Aune aliandaa kahawa na mikate yake ya unga wa rai iliyojazwa uji wa mchele, na mgeni akala mmoja wote.

"Michoro haina mruko," alisema hatimaye.

"Michoro ni ya wazee," Helvi alisema.

"Helvi," mama yake alionya.

"Mwache. Mimi nina miaka sitini na tatu, anasema kweli. Kesho saa tisa."

Kesho yake Helvi alichelewa, mara ya kwanza tangu aanze kufundishwa. Lakini alikwenda.

Kilichofuata hakikuwa kizuri kukitazama. Wavulana walikuwa wakichafua barafu, na michoro inataka barafu safi. Hivyo Helvi alikwenda kwa kijana aliyeajiriwa na halmashauri kumwagilia uwanja, Pentti Tervonen, mrefu, mnyamavu, ambaye shuleni watu walikuwa wakisahau kama yupo. Alimwomba kipande kimoja asubuhi kabla wanafunzi hawajafika. Pentti alifikiri kwa muda mrefu mpaka Helvi akaanza kuondoka.

"Nimesema ndiyo," Pentti alisema.

"Hujasema kitu."

"Nilikuwa njiani."

Kila asubuhi alikuta kipande chake kimelainishwa kama kioo, na pembeni amesimama Pentti na mpira wa maji. Helvi alichora nane, akairudia, akaona mistari imeachana, akatukana kwa Kikarelia cha mama yake, akahamia pembeni, akaanza upya. Siku nyingine alilia kwa hasira na machozi yakaganda kwenye shali. Aliichukia kazi ile. Lakini mguu ule ambao haukuruhusiwa kuruka ulikuwa umejifunza kitu kwenye hogo: uliogopa, na kwa kuogopa ukawa unasikiliza. Ulisikia barafu ilipobadilika. Kufikia majira ya baridi yaliyofuata mistari yake mitatu ilionekana kama mmoja. Watu wakaanza kusema Helvi wa Kärnä ametulia, ajali imemfunza.

"Mwili ndio umetulia," aliwajibu. "Mimi bado nazunguka."

Februari 1976 alisafiri tena kwenda Helsinki, mashindano ya taifa, akiwa na miaka kumi na tisa. Mara hii treni ilipofika Pieksämäki Bi. Sahlstén alimfunga Helvi mkono kwa uzi wa sufu, ncha nyingine akaifunga kwenye kifundo cha mkono wake mwenyewe, akaendelea kufuma. Hakuna kati yao aliyecheka mpaka treni ilipoondoka.

Michoro ilifanyika asubuhi, ukumbi karibu mtupu, kwa kuwa michoro haikuwa na watazamaji. Walikuwepo wafagiaji, wazazi wachache, na Eino aliyekuwa amevuka bahari kwa meli usiku kucha kutoka Uswidi. Helvi alichora. Alipotoka, mwamuzi mmoja aliinama, kisha akapiga goti, kisha akavua miwani akaifuta na kutazama tena. Akamwita mwenzake. Helvi Kärnä kutoka Lieksa, aliyeshika mkia Joensuu, alikuwa wa kwanza katika michoro ya taifa.

Lakini sheria zilikuwa zimebadilika katikati ya safari yake. Michoro ilikuwa imepunguziwa uzito, sehemu ya muziki imegawanywa kuwa mchezo mfupi na mrefu, na kila mtu alijua inaelekea kufa. Baada ya mchezo mfupi wa muziki, bila mruko wa maana, alishuka hadi wa tatu. Ukabaki mchezo mrefu, kesho yake. Wa tatu alikuwa anapata medali. Bi. Sahlstén alimpangia mchezo wa mizunguko na hatua za miguu, wa kulinda nafasi.

"Hakuna kuruka," alisema. "Niahidi."

"Nakuahidi," Helvi alisema, na siku ile alikuwa anamaanisha.

Dakika tatu za mwanzo alizicheza kama walivyopanga. Eino alisimulia kwamba alianza kuhesabu medali kichwani. Kisha Helvi alipita kona ya mbali, akageuka, akaanza kuja kwa mkunjo mrefu aliokuwa akiutumia zamani, mabega yameshuka, na Bi. Sahlstén akasema neno moja kwa Kiswidi ambalo Eino, aliyekuwa akiishi Uswidi, alilielewa na akakataa kulitafsiri.

Akaruka. Miwili na nusu, yote. Alitua kwa mguu wa kulia, ule ule, akayumba, kiganja kikagusa barafu, lakini hakuanguka. Ukumbi ulipiga kelele. Muziki uliobaki aliumalizia akichechemea, hatua nyingine akizipita, mizunguko miwili akaiacha kabisa. Akawa wa tano.

Bi. Sahlstén alimngoja pembeni ya barafu na koti mkononi.

"Uliniahidi."

"Ndiyo, mwalimu."

"Ulikuwa na medali mkononi. Mguu huo ungeweza kukatika mbele yangu mara ya pili. Kwa nini?"

"Nilitaka kujua kama mruko bado upo."

"Na?"

"Upo."

Ndipo Bi. Sahlstén alipomgombeza, kwa lugha mbili, mbele ya waamuzi na waandishi wa habari, kwa yale ya Pieksämäki na ya siku ile kwa pamoja, na alipomaliza alimvika koti akamfunga vifungo vyote mpaka kidevuni. Helvi hakushindana tena. Kifundo kilivimba mwezi mzima. Watu waliomwambia alitupa medali aliwasikiliza kwa adabu mpaka walipomaliza, na miguu yake chini ya meza haikuacha kucheza.

Tarehe 17 Juni 1978, katika kanisa la Lieksa, aliolewa na Pentti Tervonen. Posa ilifanyika uwanjani, barafu ikiwa imeshaanza kulainika.

"Mimi si mtu wa kwenda mahali, Helvi," Pentti alimwambia. "Ulijue hilo mapema."

"Nalijua. Nataka nikirudi nikukute."

Walijaliwa watoto wawili, Outi mwaka 1980 na Tapani mwaka 1983. Kuanzia 1979 hadi kustaafu kwake mwaka 2019 Helvi aliendesha basi la maktaba, akizunguka vijiji vya Karelia ya Kaskazini kwenye theluji na tope, na wapo humu kanisani waliojifunza kusoma kwa vitabu alivyowaletea. Yeye mwenyewe alivipenda vitabu lakini hakumaliza vingi. Alisema kitabu kinataka mtu akae. Bi. Sahlstén alipofariki mwaka 1983, Helvi aliichukua ile kona ya uwanja, na kila baridi aliwafundisha wasichana wa hapa, na baadaye na wavulana. Mtoto akishindwa kutulia alimtuma akazunguke uwanja mara moja kisha arudi. Wengine walizunguka majira mazima, na hakuwafukuza.

Agosti 2021 alianza kupungua uzito, na madaktari wakakuta saratani ya kongosho. Alitibiwa, akarudi nyumbani, akalazwa, akarudi tena. Wodini alibadilishiwa kitanda mara kadhaa kwa ombi lake, dirishani, kisha mlangoni, kisha dirishani.

"Bi. Tervonen, daktari amesema ulale," muuguzi alimwambia.

"Daktari ni kijana mzuri," Helvi alisema. "Bado hatujafahamiana."

Mwishoni mwa Februari aliomba arudishwe nyumbani, na familia ikamrudisha. Pentti, ambaye hakuwa mtu wa kwenda mahali, ndiye aliyegundua kwamba maumivu yanapungua gari likiwa linakwenda. Basi kila siku alimfunika blanketi, akamkalisha kiti cha mbele, wakatoka: kwenda Nurmes, kurudi, kwenda popote barabara ilikokuwa imefagiliwa.

Ijumaa tarehe 11 Machi 2022 walichukua barabara ya barafu inayovuka ziwa Pielinen kutoka Vuonislahti kwenda Koli. Jua lilikuwa kali juu ya theluji. Pentti aliendesha polepole kama sheria ya barafu inavyotaka.

"Ongeza mwendo kidogo," Helvi alisema.

"Hairuhusiwi."

"Pentti. Miaka arobaini na mitatu nakuomba uongeze mwendo."

Akaongeza kidogo. Helvi aliegemeza kichwa dirishani, akawa anatazama barafu inavyopita. Katikati ya ziwa Pentti alimwambia kitu, hakujibiwa, akamtazama, akajua. Hakusimamisha gari. Aliendelea mpaka ufukwe wa Koli, akapanda nchi kavu, ndipo akazima injini na kumpigia simu Outi.

"Kwa nini hukusimama pale pale, baba?" Outi alimuuliza jioni ile.

"Angeniuliza tumesimamia nini," Pentti alisema.

Marehemu ameacha mume, Pentti. Watoto wake Outi na Tapani na wenzi wao. Wajukuu Saimi, Niilo na Elli. Kaka yake Eino, aliyevuka tena bahari kuwa nasi leo. Na wasichana na wavulana wote aliowahi kuwaambia wazunguke uwanja kisha warudi.

Mungu ampokee Helvi na ampe amani yake. Na akiona hakai, asimkalishe.